Ustadi wa Kumwaga Maji

Kazi ya kwanza ya siku katika duka la kahawa la Jakarta ni kumwaga kahawa. Mteja hajaingia, viti bado vimepinduliwa juu ya meza, na kijana wa zamu ya asubuhi anatengeneza kikombe, anaonja kijiko kimoja, anatema, kilichobaki anakimwaga kwenye sinki. Anasogeza gurudumu la mashine ya kusagia kwa upana wa ukucha, anapima tena gramu 18 za unga, anabonyeza, anatazama saa. Kahawa ikitoka kabla ya sekunde 25, chembe ni kubwa mno; maji yamepita mbio na kilichopatikana ni uchachu mtupu. Ikivuka sana sekunde 30, imesagwa laini kupita kiasi na uchungu wake utakaa kooni hadi adhuhuri. Wenyewe wanaiita kazi hii kalibrasi. Hakuna mteja atakayeiona wala kuilipia. Na mchana mvua ikishuka, maana mvua ya Jakarta haibishi hodi, hewa inajaa unyevu, unga unabadilika tabia na hesabu ya asubuhi inavurugika. Anaanza upya.

Nimeanzia kwenye sinki kwa makusudi. Habari za vijana wa Indonesia zinatufikia kwa simu, na simu hupenda glasi ikiwa imeshajaa: maziwa meupe chini, kahawa nyeusi ikiteremka katikati ya barafu, binti mwenye ushungi akitabasamu nyuma ya kaunta. Kwa picha hizo mtu hudhani hapa pana mtindo tu, wa kuja na kupita. Mtindo upo, sikatai. Lakini chini yake kuna kazi ya mikono inayofanywa kwa subira, ile subira ambayo watu wazima wa kila nchi hudai kwamba vijana wao hawana.

Mtindo wenyewe una historia fupi. Starbucks ilifungua duka lake la kwanza Jakarta mwaka 2002, na kwa miaka kadhaa kahawa ya mashine ilikuwa jambo la wenye kiyoyozi. Mwaka 2007 ikaja Anomali Coffee, iliyosimama kidete kuuza kahawa za Indonesia. Kufikia 2014 vijana walikuwa wameingia Pasar Santa, soko la kawaida la kusini mwa Jakarta ambalo vibanda vyake vya ghorofa ya juu vilikaa bila wapangaji kwa muda mrefu. Wakapanga kwa bei ya chini, wakauza santuri, vyakula vya kubuni na kahawa, na pakawa hata na darasa la kuwafundisha watu kuitengeneza. Kodi zikapanda, wengi wakaondoka, lakini ujuzi waliondoka nao. Mwaka 2015 ikatoka filamu ya Filosofi Kopi, iliyotokana na hadithi ya mwandishi Dee Lestari, na duka lililojengwa kwa ajili ya filamu hiyo, katika eneo la Melawai, likabaki likihudumia wateja wa kweli. Baada ya hapo kila mtaa wa Bandung na Yogyakarta ulitaka duka lake.

Haikuwa vigumu kuwapata wateja. Waindonesia wana desturi wanayoiita nongkrong: kukaa pamoja, pengine kuchuchumaa kando ya barabara, kuzungumza bila ajenda mpaka usiku uzeeke. Sisi tuna kijiwe, tuna baraza, kwa hiyo hatuhitaji maelezo marefu. Zamani nongkrong ilifanyika kwenye warung, kibanda chenye benchi moja na glasi ya kahawa ya unga na sukari. Sasa inafanyika pia kwenye chumba chenye taa za manjano na soketi ya umeme chini ya kila meza, kwa sababu mwanafunzi amekuja na kompyuta yake na hana mpango wa kuondoka. Ramadhani watu humiminika baada ya tarawehe. Anayehudumia huitwa Mas akiwa mwanamume na Mbak akiwa mwanamke, yaani kaka na dada, na huitwa hivyo hata na mteja aliyemzidi umri.

Wapo wanaowacheka. Miaka michache iliyopita mtandaoni ulienea utani kuhusu anak senja, watoto wa machweo, wale ambao maisha yao yote ni kikombe cha kahawa, jua linalozama na gitaa la mnong'ono. Utani ulikuwa mzuri na ulistahili. Ila haukumgusa aliyekuwa akiosha chujio.

Sasa tumtazame kazini. Kifaa kilichotawala maduka haya ni V60 ya kampuni ya Hario ya Japani, kidude chenye umbo la pia, kitako wazi, kuta zenye mifereji inayozunguka, na pembe ya nyuzi 60 iliyokipa jina. Unatia karatasi ya chujio, unatia unga, unamwaga maji ya moto, kahawa inadondoka chini. Mtoto anaweza. Ugumu wake umefichwa kwenye kile kitundu cha chini, ambacho ni kikubwa kupita cha vifaa vingi vya aina hiyo. Vifaa vingine vina vitundu vidogo vinavyopunguza mwendo wa maji vyenyewe. Hiki hakikusaidii. Kila unachokosea kwa mkono kinapita moja kwa moja hadi kwenye kikombe.

Barista, yaani mtengeneza kahawa, anaanza kwa kuilowesha karatasi tupu kwa maji ya moto ili harufu yake itoke na chombo kipate joto. Anayamwaga maji hayo. Anatia gramu 15 za unga, anaugongagonga ukae sawa, anaweka kila kitu juu ya mizani na kuirudisha sifuri. Birika lake lina mrija mrefu mwembamba uliopinda, uliobuniwa ili maji yatoke kwa uzi. Joto ni nyuzi 92 au karibu na hapo. Kahawa iliyokaangwa sana huipunguzia, iliyokaangwa kidogo huiongezea. Anamwaga gramu 30 au 40 tu, kisha anaacha.

Kuacha huko ndiko ninakokusifu kuliko yote. Kahawa ikikaangwa hunasa hewa ya kaboni ndani yake, na hewa hiyo hukataa maji. Maji ya kwanza yanaifukuza: unga unaumuka kama wa maandazi uliotiwa hamira, unapasuka vipovu, unashuka. Kwa nusu dakika au zaidi barista hana la kufanya isipokuwa kutazama. Foleni inaweza kuwa imefika mlangoni. Mgeni wa kazi hii hujulikana hapa, kwa sababu mkono wake unawasha na maji ya pili anayaleta kabla ya wakati.

Kisha miduara. Maji yanaanzia katikati, yanatoka nje kwa mzunguko, yanarudi, bila kugusa karatasi ya pembeni, maana maji yanayogusa karatasi huteleza chini bila kuchukua chochote. Mrija ukiinuliwa juu sana maji huchimba shimo na kuuchafua unga. Ukishushwa sana hayana nguvu ya kuugeuza. Birika linabeba takriban lita moja na linazidi kuwa jepesi kadiri linavyomwagwa, kwa hiyo pembe ya kifundo cha mkono lazima ibadilike polepole ili uzi wa maji ubaki uleule. Wanaojifunza hukaa na birika na mizani, bila kahawa yoyote, wakimwaga maji kwenye chombo kitupu na kutazama namba, mpaka gramu nne au tano kila sekunde iwe kitu ambacho mkono unakijua bila macho.

Yote haya ni kwa sababu kahawa haitoi vitu vyake kwa pamoja. Kwanza hutoka uchachu, halafu utamu, halafu uchungu na ukavu. Mwagaji hodari anajua kusimama kabla ya kundi la tatu halijatawala. Mjapani Tetsu Kasuya, aliyechukua ubingwa wa dunia wa kutengeneza kahawa kwa mkono mwaka 2016, aliyagawa maji yake mafungu mawili: asilimia 40 ya mwanzo ya kupanga uchachu na utamu, 60 ya mwisho ya kupanga uzito. Vijana wa Indonesia waliipokea njia yake, wakaibomoa, wakaijenga upya kwa kahawa zao. Kaa karibu na kaunta yoyote Bandung utasikia wawili wanabishana juu ya gramu kumi za maji.

Hapa niseme ninachokiona kuwa ni kasoro yao. Wapo mabarista wanaokukabidhi kikombe pamoja na hotuba: jina la kijiji, mwinuko kutoka usawa wa bahari, namna ya kukausha, na orodha ya matunda unayopaswa kuyahisi ulimini. Mteja anatikisa kichwa kwa adabu huku kahawa inapoa. Waliobobea husema jina la mahali na kuondoka.

Majina hayo ya mahali yana uzito kuliko mabarista wenyewe wanavyoonyesha. Waholanzi waliileta kahawa Java kutoka pwani ya Malabar, India, mwishoni mwa karne ya 17, na haikupita miaka mingi shehena zikaanza kuuzwa Amsterdam. Katika milima ya Priangan, magharibi mwa Java, wakulima walilazimishwa kupanda na kukabidhi mavuno kwa bei iliyopangwa na kampuni ya Waholanzi. Tangu 1830 mfumo wa kilimo cha shuruti ukapanuliwa katika Java. Magharibi mwa Sumatra hadi leo kuna kinywaji kiitwacho kawa daun, majani ya mbuni yaliyokaushwa kwa moshi na kuchemshwa, yanayonywewa kwenye kifuu cha nazi. Husimuliwa kwamba watu walijifunza kunywa majani kwa kuwa buni zilikuwa za Wazungu. Kizazi cha mwisho wa karne ya 20 nacho kilizoea kuona kahawa bora ikienda bandarini na iliyobaki ikisagwa kwa matumizi ya nyumbani. Kwa hiyo kijana anayefungua mfuko ulioandikwa Pangalengan, akapima gramu 15 na kuzihangaikia dakika tatu, anafanya jambo ambalo babu yake huko milimani hakuwahi kupewa nafasi ya kulifanya. Hasemi hivyo. Anaangalia mizani.

Kuna uzi mwingine ambao unafika kwetu. Katika miaka ya 1870 na 1880 kutu ya majani iliyateketeza mashamba ya arabika ya nyanda za chini za Java na Sumatra. Wenye mashamba walijaribu aina ya liberika, nayo haikudumu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikaletwa robusta, iliyochukuliwa katika misitu ya Kongo na kupitia kwa wauza miche wa Brussels. Ilistahimili, na ndiyo inayojaza sehemu kubwa ya mashamba ya Indonesia leo. Kisha kisiwa cha Timor kikalipa deni kwa njia isiyotarajiwa: huko, upande uliokuwa chini ya Wareno, arabika na robusta zilichanganyika zenyewe shambani na kuzaa mbuni uliostahimili kutu. Uzao wake ulisafiri hadi vituo vya utafiti vya dunia, na damu yake imo katika Ruiru 11, aina iliyotolewa kwa wakulima wa Kenya mwaka 1985 ili ipambane na kutu pamoja na chulebuni, na katika Batian ya mwaka 2010.

Robusta hiyo ya asili ya Kongo ndiyo iliyobeba kinywaji kinachopendwa kuliko vyote na vijana wa Indonesia, na wapenzi wa V60 wasikasirike nikisema kwamba kinastahili heshima ileile. Ni es kopi susu gula aren: kahawa kali, maziwa, barafu na sukari ya mti wa aren. Mwaka 2015 Toko Kopi Tuku ilifungua duka dogo Cipete, kusini mwa Jakarta, ikakitengeneza kwa ajili ya majirani na kwa bei ya majirani. Mwaka huohuo Gojek, programu ya simu ya kuita pikipiki, ilianza kazi, na haikuchukua muda pikipiki zake zikawa zinabeba chakula na vinywaji. Viwili hivyo vilikutana barabarani. Kampuni ya Kopi Kenangan ilianza 2017, na mwishoni mwa 2021 ilitangaza kwamba thamani yake imevuka dola bilioni 1. Wakati wa korona watu walipofungiwa ndani, maduka yakauza kinywaji hicho kwa chupa za lita nzima.

Ustadi wake ni wa aina nyingine. Mwenye V60 anatengeneza kikombe cha kunywewa sasa hivi, mbele yake. Mwenye kopi susu anatengeneza kikombe kitakachopanda pikipiki, kikae kwenye foleni ya magari ya Jakarta chini ya jua, kifike barafu ikiwa imeyeyuka nusu. Ladha lazima iwe sahihi dakika ya 20, kwa hiyo dakika ya kwanza inatakiwa iwe kali kupita kiasi. Anakadiria maji ya barafu ambayo bado hayajawa maji. Arabika peke yake ingezama ndani ya maziwa na sukari, ndiyo maana wengi huiongezea robusta yenye uzito na uchungu wa kusimama. Anayedhani hii ni kazi ya kuchanganya tu ajaribu kuitengeneza nyumbani, aiweke mezani, aionje baada ya muda huo.

Na ile sukari ina mafundi wake. Aren ni mti wa jamii ya mnazi, na anayeuvuna ni mgema, neno halihitaji kubadilishwa. Anapanda kwa mwanzi uliotobolewa ngazi, anaupiga mkono wa ua dume kwa rungu dogo la mti, taratibu, na kuuyumbisha, kisha anaurudia siku nyingine na nyingine, mpaka utomvu uwe tayari kushuka. Ndipo anaukata na kukinga kwa mabomba ya mwanzi asubuhi na jioni. Utomvu huo haungoji. Ukicheleweshwa unachacha na kuwa tembo, kama wagema wetu wa pwani wanavyojua vizuri. Kwa hiyo unachemshwa siku hiyohiyo kwenye karai kubwa juu ya kuni, saa baada ya saa, ukikorogwa hadi ukolee na kugeuka rangi ya udongo, halafu unamiminwa kwenye vifuu ugande. Moshi wa kuni hubaki ndani ya ladha. Sisi husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huko kishawishi ni sukari nyeupe, inayotiwa karaini ili kipimo kiongezeke, hasa tangu Jakarta ilipopenda. Barista mzuri huvunja kipande, akaonja kikavu, akamwambia muuzaji kwa upole kwamba hiki si chenyewe.

Kuna mahali ambako ujuzi huu wote haukuhitaji filamu wala programu ya simu. Banda Aceh, ncha ya kaskazini ya Sumatra, hasa eneo la Ulee Kareng, kahawa huchujwa kwa kitambaa kirefu chenye umbo la soksi. Robusta hukaangwa hadi iwe nyeusi ti, na karibu na mwisho hutiwa sukari na siagi. Mchujaji anasimama mbele ya masufuria yanayotoa mvuke, anainua soksi iliyojaa juu ya kichwa chake, kahawa inashuka kwa uzi mrefu hadi chombo cha chini, anaipokea, anairudisha, anainua tena. Hakuna mizani. Anajua kwa rangi ya uzi na kwa povu. Waliozoea kuona wauza kahawa wa Mombasa na Unguja, wakimimina kutoka kwenye dele bila kudondosha tone huku macho yakiwa kwa mteja, wataelewa kwa nini watu hukaa tu kumtazama. Upande wa magharibi, Meulaboh, glasi hupinduliwa juu ya kisahani kahawa ikiwa ndani, na mnywaji hupuliza kwa mrija chini ya ukingo ili kidogo kitoke. Inasemekana ilibuniwa kwa ajili ya wavuvi, kahawa isipoe wala isiingie mchanga.

Kilichobadilika Aceh ni mbegu na wakaaji. Nyanda za juu za Gayo, kuzunguka mji wa Takengon na ziwa la Laut Tawar, hulima arabika inayosifika duniani, lakini vizazi vilipita Waaceh wakinywa robusta na kuisafirisha arabika. Sasa Takengon yenyewe ina maduka ya vijana, watoto wa wakulima, wanaokaanga buni za mashamba ya nyumbani kwao. Na vibanda vya kahawa vilivyokuwa vya wanaume vina meza za wasichana wa chuo.

Vijana hao wa Gayo wamejiingiza kwenye mjadala ambao naona ndio mgumu kuliko yote. Sumatra ina njia yake ya kuandaa kahawa, giling basah. Mahali pengi duniani kahawa hukaushwa ikiwa ndani ya ganda lake gumu la ndani, na hukobolewa ikishakauka kabisa. Sumatra mvua haitoi nafasi hiyo, na mkulima anahitaji pesa wiki hii. Kwa hiyo anamenya matunda, anayaacha yachache usiku mmoja, anaosha, anaanika kidogo, anauza yakiwa bado mabichi. Mnunuzi anakoboa hivyohivyo yakiwa na unyevu, halafu buni tupu, laini, zenye rangi ya kijani iliyoingia ubuluu, zinamalizikia kukauka juu ya turubai. Nyingine hupasuka ncha na kufanana na kwato ya mbuzi. Matokeo yake ni kahawa nzito, yenye uchachu mdogo, yenye harufu ya udongo uliolowa na viungo. Wanunuzi wa nje waliipenda kwa miaka mingi bila kujua kwamba wanaipenda mvua.

Kizazi kipya kimejifunza njia nyingine: kuosha na kukausha kikamilifu, kukausha na utelezi wake, kukausha tunda zima, kuchachua kwenye mapipa yaliyofungwa. Kahawa inatoka safi, ya matunda, inayoshinda mashindano. Wengine wanauliza: ikishafanana na ya Kolombia, ina haja gani ya kutoka Gayo? Mimi niko na wanaofanya giling basah, lakini waifanye vizuri: wachague matunda mekundu tu, wainue turubai juu ya vichanja, wasiache buni zilale na maji usiku. Wapo vijana wanaofanya hivyo, na kahawa yao ni nzito bila kuwa chafu. (Kahawa ya luwak, inayopita tumboni mwa ngawa, siihesabu humu. Mara nyingi ni ngawa aliyefungiwa kizimbani kwa ajili ya watalii, na mabarista wengi wa rika hili hawataki hata kuizungumzia.)

Ustadi wa kizazi hiki umetambuliwa hata nje: Mei 2024 huko Busan, Korea Kusini, Mikael Jasin akawa Mwindonesia wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa mabarista. Mshindani hupewa dakika 15 kuwahudumia waamuzi vinywaji 12: espreso nne, vya maziwa vinne, na vinne vya ubunifu wake. Miaka mitano nyuma, Boston, alikuwa amemaliza wa nne.

Kinachonivutia zaidi, hata hivyo, ni kinywaji kilichorudi kwenye orodha za maduka haya baada ya kudharauliwa. Kopi tubruk ndiyo kahawa ya nyanya: unga ndani ya glasi, sukari, maji yanayochemka, koroga, ngoja ijitulize. Hakuna chujio. Maduka ya kwanza ya kisasa yaliiona ya kishamba. Kisha mabarista walipoanza kusomea kuonja kahawa kwa utaratibu unaotumika duniani, wakakuta waonjaji hawatumii V60 wala mashine ya mamilioni. Hutia unga wa kahawa kwenye bakuli, humwaga maji ya moto juu yake, hungoja dakika nne, huvunja utando uliojikusanya juu kwa kijiko, huondoa povu, hungoja tena, huonja. Ni tubruk isiyo na sukari.

Sasa wanaitengeneza kwa heshima zote. Unga wa chembe kubwa kidogo, gramu 10 au 12. Maji yaliyoachwa yatulie kidogo baada ya kuchemka. Glasi nene ya warung, ileile. Hawakorogi. Dakika nne, utando unavunjwa kwa kusukumwa mara tatu, povu linatolewa kwa vijiko viwili, na unaambiwa ungoje tena dakika kadhaa mashapo yashuke. Bei yake mara nyingi ni ya chini kabisa ubaoni. Kwa mizani yangu ndicho kipimo kikali kuliko vyote, kwa sababu barista hana karatasi ya kusafisha wala maziwa ya kuficha, na mkono wake umebakiwa na kazi moja tu, kutouchokoza unga. Wageni wasiojua huinywa mpaka chini na kujikuta wanatafuna. Mas wa kaunta hacheki. Glasi ya maji ameshaiweka pembeni tangu alipokuletea.